Sura ya 7: Nasaba ya Ploti

Namba ya ardhi ya Kajiado ina vipande vitatu. Cha kwanza ni jina la wilaya ya zamani, cha pili ni jina la sehemu ya usajili, cha tatu ni namba tupu: Kajiado/Kitengela/namba fulani, au Kajiado/Kaputiei North/namba fulani. Mnunuzi anayeshuka stejini Kitengela akiwa na nakala ya hati mkobani anaweza kukuonyesha ploti yake iko sehemu gani. Asichoweza kukuonyesha, kwa kuisoma hiyo namba, ni ploti ilitoka wapi. Shamba likigawanywa, namba yake hufungwa, na vipande vipya hupewa namba zinazofuata katika orodha ya sehemu nzima. Namba 5204 inaweza kuwa mtoto wa 812, na 5203 inayoitangulia ikawa mtoto wa shamba lililo ng'ambo ya barabara ya Namanga, lisilopakana nayo kwa upande wowote.

Lakini maswali ambayo watu hupeleka Kajiado mjini, kwenye ofisi ya ardhi, mengi ni ya nasaba. Hii ploti yangu ilikatwa kutoka shamba la nani? Lile shamba lenye kesi mahakamani, vipande vyake viko vingapi sasa na viko mikononi mwa nani? Kipande hiki kilichowekewa kaveati, yaani zuio la kukihamisha, kilishazaa vingine kabla ya kaveati, au baada? Karani mzoefu hulijibu swali la namna hii kwa miguu: anatoa kadi ya kijani yenye rekodi ya kipande, anasoma ilikofungwa, anakwenda kutafuta kadi ya namba iliyotajwa, anasoma tena. Sura hii inahusu namna ya kuifanya kompyuta ijibu bila kutembea kiasi hicho.

Kwanza, ukubwa wa jambo. Kwa Sheria ya Ardhi (Wawakilishi wa Vikundi) ya 1968, nchi ya Wamaasai iligawanywa kuwa ranchi za vikundi, kila moja ikiwa na hati moja na orodha ya wanachama. Ranchi ya Kitengela, ya Wamaasai wa olosho, yaani tawi, la Kaputiei, ilikuwa na takribani hekta 18,000. Ilivunjwa na kugawiwa wanachama wake mwaka 1988, na walikuwa zaidi kidogo ya 200. Piga hesabu: wastani wa hekta 85 hivi kwa mwanachama, yaani karibu ekari 210. Hayo ndiyo mashamba mama. Baadhi yakauzwa ekari arobaini arobaini, zile arobaini zikakatwa tano tano, na zile tano zikakatwa hamsini kwa mia, futi hamsini kwa futi mia moja, ambayo ndiyo ploti ya kawaida ya mtu wa Nairobi anayetaka kujenga. Ekari moja hutoa ploti nane za aina hiyo. Ekari 210 zikikatwa zote, hata ukitoa barabara za ndani, ni ploti zaidi ya elfu moja kutoka kwa hati moja. Si kila shamba limefika huko; yako ambayo bado yana ng'ombe na pundamilia. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 katika mji wa Kitengela, na watu hao wanaishi juu ya matawi ya nasaba hizo.

Sasa tuujenge mfano wetu. Namba ni za kubuni. Shamba 40 liligawanywa kuwa 811, 812 na 813. Shamba 812 likagawanywa kumi: 5204 mpaka 5213. Mtu mmoja akanunua 5210 na 5211 zilizopakana, akaziunganisha zikawa 9067. Kisha kampuni ya kuuza ploti ikainunua 9067 na kuikata ishirini: 31440 mpaka 31459. Mnunuzi wetu ameshika hati ya 31452.

Anayeanza kujenga hifadhidata ya mambo haya huandika jedwali la mashamba, na katika kila mstari anaweka safu moja inayoitwa "mzazi". Ni kosa la kwanza, na limezagaa. Shamba 9067 lina wazazi wawili. Kuunganisha mashamba yaliyopakana ni jambo ambalo sheria inaliruhusu sawa na kuyagawanya, na wauzaji wa ploti hulifanya ili kupata kipande chenye umbo la kukatika vizuri. Kwa hiyo nasaba ya ardhi haina umbo la mti wenye shina moja. Ni mtandao ambao matawi yake huweza kukutana tena huku chini. Safu moja ya mzazi italazimisha mmoja kati ya 5210 na 5211 asahaulike, na ikiwa aliyesahaulika ndiye mwenye kesi, umemuuzia mtu kesi. Uhusiano wenyewe unataka jedwali lake: mtoto, mzazi, tarehe, na namba ya fomu ya mutesheni, yaani ya kugawanya au kuunganisha, iliyoleta mabadiliko. Mstari mmoja kwa kila uhusiano. 9067 itakuwa na mistari miwili hapo, na hakuna atakayepotea.

Tukifika hapa tayari tuna ontolojia, japo ndogo. Ontolojia ni maelezo rasmi ya vitu vilivyomo katika uwanja fulani na jinsi vinavyohusiana, yaliyoandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kutoa hitimisho ambalo hakuna aliyeliandika. "Ploti imetokana na shamba" ni uhusiano. "Kama ploti imetokana na kipande, na kipande kimetokana na shamba, basi ploti imetokana na shamba" ni kanuni juu ya uhusiano huo: unapitiliza, kama uzao. Hakuna fomu ya mutesheni inayosema 31452 ilitoka 40. Ni hitimisho tu. Na shida yote ya kuuliza ontolojia zilizowekwa katika majedwali inatokana na hapo: jedwali huhifadhi yaliyoandikwa, na muulizaji anataka yasiyoandikwa.

Edgar Codd alipotoa nadharia ya hifadhidata za majedwali mwaka 1970, aliipa aljebra safi ya kuchuja, kuunganisha na kujumlisha majedwali. Haikuweza kuuliza nasaba. Alfred Aho na Jeffrey Ullman walithibitisha mwaka 1979 kwamba kwa aljebra hiyo peke yake hakuna swali moja linaloweza kuufuata uhusiano unaopitiliza kwa kina chochote. Unaweza kuuliza wazazi. Unaweza kuuliza mababu kwa kuliunganisha jedwali na lenyewe. Unaweza kuuliza vizazi vitano kwa kuliunganisha mara nne. Lakini "vizazi vyote, hata sijui vingapi" haikuwezekana. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata hizo, ilisubiri mpaka kiwango chake cha 1999 ndipo ikapewa swali linalojirudia, WITH RECURSIVE. Hifadhidata ya PostgreSQL ililipokea mwaka 2009, na ile ya MySQL ikaja nyuma kabisa, mwaka 2018. Hii ndiyo sababu mifumo mingi ya ofisi zetu iliyoandikwa kabla ya hapo imejaa vitanzi vya ajabu.

Vitanzi vyenyewe vinafaa kuangaliwa, kwa sababu ndivyo vinavyofanya watu waseme "sistimu iko chini". Programu huiuliza hifadhidata: watoto wa 40 ni nani? Inajibiwa watatu. Inauliza tena: watoto wa 811? Wa 812? Wa 813? Na kila mjukuu vivyo hivyo. Ni kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, akirudi umtume sukari, akirudi umtume kiberiti. Duka likiwa hapo hapo, hakuna anayelalamika: swali moja linachukua tuseme milisekunde moja, na maswali 1,600, moja kwa kila kipande cha shamba lililokatwa lote, yanaisha chini ya sekunde mbili. Lakini seva ikiwekwa Ulaya, na kwenda na kurudi kukawa milisekunde 150, maswali yale yale 1,600 yanachukua dakika nne. Hakuna kilichoharibika. Mashine ni nzima na intaneti ni nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika orodha yote ya dukani kwenye karatasi moja.

Karatasi hiyo ndiyo swali linalojirudia. Unaiambia hifadhidata: anza na 31452, chukua wazazi wake, kisha wazazi wa hao, endelea mpaka usipate mpya. Kazi yote inafanyika ndani ya seva, na jibu linarudi mara moja: 9067, 5210, 5211, 812, 40. Kwa swali la kupanda juu kutoka ploti moja, hii inatosha kabisa, na yeyote anayetaka kukuuzia kitu cha gharama zaidi kwa kazi hiyo mwambie asubiri. Nasaba za Kajiado hazina kina kirefu. Toka 1988 mpaka leo shamba linaweza kuwa limegawanywa mara nne, tano, labda sita. Kupanda ngazi sita ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Kwa sharti moja tu, nalo ni faharasa. Hifadhidata isiyo na faharasa hulisoma jedwali zima, mstari kwa mstari, kwa kila ngazi. Yenye faharasa huruka: faharasa ya kawaida huhifadhi mamia ya namba katika kila ukurasa wake, hivyo kufikia mstari mmoja kati ya milioni kunahitaji kufungua kurasa tatu au nne. Hapo ndipo kosa la pili linapojificha, na hili nimelikuta kwa watu wenye shahada. Ukitengeneza faharasa ya jozi, mtoto kwanza na mzazi pili, umemhudumia anayepanda juu peke yake. Anayeshuka, anayeuliza "watoto wa 40 ni nani", haiwezi kumsaidia, kwa sababu orodha imepangwa kwa mtoto. Unahitaji faharasa ya pili iliyogeuzwa, mzazi kwanza. Ni mstari mmoja wa amri. Nimeona swali likitoka dakika hadi chini ya sekunde kwa mstari huo, baada ya ofisi nzima kukubaliana kwamba wanahitaji seva mpya.

Swali la kushuka ndilo gumu kweli. Mahakama ikitoa agizo juu ya shamba lililozaa ploti elfu moja, mtu anataka orodha ya ploti zote zilizo hai leo, wamiliki wake, zilizo na rehani benki, na zipi zilihamishwa baada ya tarehe ya agizo. Swali linalojirudia litashuka vizuri, lakini baada ya hapo orodha lazima iunganishwe na jedwali la wamiliki, la rehani na la malipo. Hifadhidata hupanga njia ya kuunganisha kwa kukadiria kwanza idadi ya mistari, na mistari inayotoka ndani ya swali linalojirudia haina namna ya kuikadiria ila kubahatisha. Ikidhani ni ishirini kumbe ni elfu mbili, huchagua njia ya taratibu. Na ukiwa na maswali ya namna hiyo mengi kwa siku, kutoka kwa mawakili, benki, kaunti inayodai kodi ya ardhi, na polisi, unakuwa unaitembea nasaba ile ile upya kila mara wakati yenyewe haijabadilika tangu jana.

Kwa hiyo itembelewe mara moja na majibu yaandikwe. Tunaongeza jedwali la tatu, nitaliita jedwali la ukoo: kila mstari wake unasema fulani ametokana na fulani, kwa umbali wa vizazi vingapi, yakiwemo yale mahitimisho ambayo hakuna fomu iliyoyasema. Kwa 31452 kuna mistari sita: yeye mwenyewe kwa umbali sifuri, 9067 kwa umbali wa moja, 5210 na 5211 kwa mbili, 812 kwa tatu, 40 kwa nne. Sasa "wazao wote wa 40" si safari tena. Ni kuchuja safu moja: mstari wowote ambao babu ni 40. Hifadhidata inaweza kuikadiria vizuri idadi yake kabla ya kuanza, inapanga vizuri, na kila kitu kingine kinaunganishwa kama kawaida.

Gharama yake? Kaunti yenye vipande milioni moja na wastani wa mababu watano kwa kila kimoja ina mistari milioni sita katika jedwali la ukoo, ukihesabu na kipande chenyewe. Hiyo ni hifadhidata ndogo. Inakaa ndani ya laptopu ya kawaida na nafasi inabaki.

Wataalamu wa vitabu huonya juu ya jedwali la aina hii kwa sababu moja: ukilihamisha tawi, kwa mfano idara ikitolewa chini ya wizara moja ikapelekwa nyingine, inabidi ufute na uandike upya mistari ya wazao wote. Onyo ni la kweli, ila halitugusi. Ardhi haibadilishi wazazi. Shamba 812 likishazaa 5210, limezaa. Hakuna mkutano wa bodi ya ardhi utakaolifanya 5210 kuwa mtoto wa 811. Nasaba hukua kwa chini tu. Kuongeza ploti mpya ni kunakili mistari ya mababu wa wazazi wake, kuongeza moja kwenye umbali, kisha kuongeza mstari wa ploti yenyewe. Amri moja, katika muamala ule ule unaofunga namba ya mama, ili isitokee hata sekunde moja ambapo ploti ipo bila ukoo. Na mahakama ikibatilisha mgawanyo, usifute kitu. Weka tarehe ya kubatilishwa na uache historia isomeke, maana kuna watu waliolipa pesa kati ya tarehe hizo mbili na watakuja kuuliza.

Walioifikia njia hii kabla yetu ni wanabiolojia. Ontolojia ya jeni iitwayo Gene Ontology, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilihifadhiwa kwa miaka mingi katika MySQL ikiwa na majedwali mawili: moja la uhusiano wa moja kwa moja kati ya istilahi na istilahi, na jingine, lililoitwa graph_path, la njia zote zilizokwisha kutembelewa. Mtafiti aliyetaka jeni zote zinazohusika na kazi fulani ya seli alichuja jedwali la pili. Karibu na kwetu, OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliozaliwa mwaka 2004 kutokana na kazi ya mpango wa afya wa AMPATH kule Eldoret na Taasisi ya Regenstrief ya Marekani, uliwekwa pia juu ya MySQL. Una kamusi ya dhana: malaria ni utambuzi wa ugonjwa, vipimo fulani ni vya kundi fulani, dawa fulani ni za kundi fulani. Nao waliweka makundi ya moja kwa moja mahali pamoja na makundi yaliyokwisha kupanuliwa mahali pengine. KenyaEMR, inayotumika katika kliniki za umma za nchi hii, imejengwa juu ya OpenMRS. Daktari haoni lolote kati ya haya, anaona ripoti ikifunguka.

Kuna njia nyingine mbili maarufu ambazo nitazipitia haraka kwa sababu zote mbili hapa zinakwama. Ya kwanza ni kuandika ukoo wote kama neno moja katika mstari wa ploti: 40, mkwaju, 812, mkwaju, 5210. Ni nzuri kwa anwani za faili, lakini ploti yenye wazazi wawili ina njia mbili, na neno moja halibebi mbili. Ya pili ni kulipatia kila shamba namba mbili, ya kuingia na ya kutoka, hivi kwamba wazao wote huangukia kati yake. Joe Celko ndiye aliyeieneza kwa vitabu vyake vya SQL. Kushuka kunakuwa rahisi mno. Tatizo ni kwamba kila mgawanyo mpya husukuma namba za mashamba mengine, na Kitengela hugawanywa kila wiki. Kisha ile habari ya wazazi wawili inarudi pale pale.

Ila njia hiyo ya namba mbili isitupwe, maana ina mahali pake, napo ni kwenye ngazi ya juu ya ontolojia, ile ya aina. Katiba ya 2010, katika ibara ya 61, inagawa ardhi yote ya Kenya mara tatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Ibara ya 62 inaorodhesha ya umma: misitu ya serikali, hifadhi za wanyama, mbuga za taifa, barabara, mito na mengineyo. Mtu akiuliza "nionyeshe ploti zinazopakana na ardhi ya umma", tuseme hakuna kipande hata kimoja kilichoandikwa "ya umma" katika rejista kwa neno hilo. Kimeandikwa barabara, au msitu. Ni juu ya mfumo kujua kwamba barabara ni ya umma.

Njia ya kwanza ni kulipanua swali kabla halijafika kwenye majedwali: "ya umma" inageuzwa kuwa "msitu, au hifadhi, au mbuga, au barabara, au mto". Data haiguswi. Diego Calvanese na wenzake wa Roma na Bolzano, Italia, walichunguza ni kanuni zipi unazoweza kuziruhusu katika ontolojia na bado kila swali likageuzika kuwa SQL ya kawaida, na matokeo ya kazi hiyo yaliingia katika lugha ya ontolojia ya OWL 2 mwaka 2009 kama tawi linaloitwa QL. Ontop, programu huria kutoka Chuo Kikuu cha Bozen-Bolzano, hufanya kazi hivyo: unaiacha hifadhidata yako ilivyo, unaandika ramani kati ya ontolojia na majedwali, nayo inatafsiri maswali. Ubaya wake ni kuvimba. Swali lenye aina tatu, kila moja na vijukuu kumi, huweza kugeuka "au" elfu moja, na SQL ya kurasa kumi hakuna hifadhidata inayoipenda.

Dawa ya uvimbe huo ndiyo namba za Celko zilizorudi kwa mlango mwingine. Wale wale wa Bolzano, katika mfumo wao uliotangulia ulioitwa Quest, walizipa aina namba kwa mpangilio ambao kila aina na vijukuu vyake vinakaa pamoja: tuseme ardhi ni 1, ya umma ni 2, na matawi yake ni 3 mpaka 11. Kila kipande kinabeba namba ya aina yake. "Ya umma" sasa ni namba kati ya 2 na 11, ulinganisho mmoja ambao faharasa inauweza bila jasho. Aina yenye wazazi wawili hupewa vipindi viwili badala ya kimoja, na kwa kuwa aina ni chache, hilo linavumilika. Katiba haibadilishwi kila wiki, na aina mpya ya ardhi ikija, kuzipanga namba upya ni kazi ya usiku mmoja. Mbinu iliyokataliwa kwa ploti inakubaliwa kwa aina, ndani ya hifadhidata hiyo hiyo.

Swali moja la Kitengela huonyesha yote haya yakifanya kazi pamoja. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Nyumbu na pundamilia huvuka mto Mbagathi na kuingia kwenye tambarare za Athi na Kaputiei. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwepo mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke nyua, wasikate shamba wala kuliuza, na malipo yalipangwa yaendane na kufunguliwa kwa shule, karo ikidaiwa. Leo mtu anayepanga njia za wanyama anataka kujua: mashamba yaliyokuwa katika mpango huo, wazao wake walio hai ni ploti ngapi, zipi zimepakana na ardhi ya umma, na zipi zina ua? Sehemu ya kwanza inajibiwa na jedwali la ukoo. Ya pili inajibiwa na vipindi vya aina pamoja na ramani. Ya tatu ni ya kwenda kuangalia. Mwaka 2004 wakazi wakishirikiana na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walizunguka Kitengela na vipokezi vya GPS wakachora nyua moja moja, kwa hiyo hata mwanzo wa data upo.

Na si kila haki ya Kajiado iko kwenye hati. Kuna kisima ambacho familia tano hunywesha, kuna njia ya ng'ombe, kuna mjane anayeishi kwenye ardhi iliyoandikwa jina la shemeji. Modeli iitwayo STDM, iliyotengenezwa chini ya UN-Habitat hapo Gigiri na kujaribiwa Mbale, Uganda, inaliweka hilo kwa vitu vitatu tu: mtu au kundi, kipande cha ardhi, na uhusiano kati yao, wa aina yoyote, ulio na hati au usio nayo. Inakaa juu ya PostgreSQL na PostGIS, ikitumia ramani za QGIS, vyote bure. Ni ndugu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 19152 cha mwaka 2012. Anayeijengea kaunti mfumo asianze na karatasi nyeupe.

Mara kwa mara mtu huniuliza kwa nini tusihamie hifadhidata za grafu, ambazo zimezaliwa kwa ajili ya nasaba. Zinafaa, na maswali ya nasaba humo ni mepesi kuandika. Lakini ofisi ya ardhi haina maswali ya nasaba pekee. Ina stakabadhi, foleni, mihuri, ada, ukaguzi wa hesabu. Vijana wanaotoka vyuoni wanaijua SQL, na mkaguzi wa serikali analielewa jedwali. Kuongeza jedwali moja la ukoo na faharasa mbili ni bei ndogo kuliko kuwa na hifadhidata mbili zinazopaswa kukubaliana kila usiku, na usiku mmoja hazitakubaliana.

Ardhisasa, mfumo wa taifa wa ardhi mtandaoni, ulizinduliwa tarehe 27 Aprili 2021 ukianza na rejista ya Nairobi. Kuingiza kadi za kijani kwenye kompyuta ni kazi ya kuchapa, na atakayepewa kuchapa za Kajiado atashawishika kuziacha zilizofungwa, kwa kuwa ni za namba zilizokufa. Asiziache. Bila namba zilizokufa hakuna nasaba, na hakuna mbinu katika sura hii itakayoirudisha.

Anayenunua Kitengela wiki hii hahitaji kusubiri kompyuta. Utafutaji rasmi utamwonyesha mmiliki wa sasa wa ploti na mizigo iliyo juu yake. Akishaupata, aombe pia nakala iliyoidhinishwa ya kadi ya kijani ya ploti, atazame namba ya shamba ilikotoka, kisha aombe na kadi ya shamba hilo. Kama wazazi ni wawili, aombe zote mbili.